Fulana ya Kahawa

Vitu vya dunia havidumu katika hali moja. Masika hufuatwa na kiangazi, na jina lililotajwa leo kwa vigelegele huenda kesho lisitajwe hata kwa mnong'ono. Jambo hili kila mtu hulijua, lakini si kila mtu amepata kipimo cha kulipimia. Kipimo changu mimi kilikuwa fulana moja kuukuu. Katika insha hii napenda kumweleza msomaji habari za fulana hiyo, na za watu wa mbali walioivaa, na jinsi ilivyonifunza kutofautisha kuchakaa kwa nguo na kufa kwa mwili uliomo ndani yake.

Nilizaliwa katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, katika kihamba cha mibuni na migomba. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa, na mali yake kubwa baada ya shamba ilikuwa baisikeli moja nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma. Siku za mavuno alifunga gunia la kahawa kavu juu ya keria, akaishika baisikeli kwa mikono miwili, akaiteremsha polepole mpaka kwenye ghala la ushirika. Wakati wa kurudi aliisukuma. Sikumwona hata siku moja akiupanda mlima wetu hali ameketi juu ya kiti chake. Kwa hiyo tangu utoto niliamini kwamba baisikeli ni chombo cha kuteremkia, na kwamba mlima hupandwa kwa miguu.

Mwaka 1990 nilichaguliwa kuingia shule ya sekondari. Mwaka huo huo kahawa ilikosa bei. Malipo ya kwanza yalikuwa haba, ya pili yalichelewa, na ya tatu tuliyangoja mpaka tukaacha kuyangoja. Jirani yetu mmoja aling'oa mibuni yake akapanda nyanya. Baba hakung'oa, lakini asubuhi moja aliitoa baisikeli uani, akaifuta vumbi, akaondoka nayo. Jioni alirudi bila ya baisikeli. Aliweka fedha juu ya meza, akaniambia, "Mwanangu, baisikeli ndiyo hii. Nenda nayo mbali." Sikujibu neno. Nilikuwa nimefikia umri wa kufahamu kwamba mtu mzima atatembea kwa miguu ili mimi nisome, lakini sikuwa nimefikia umri wa kufahamu ni nani aliyeishusha bei ya kahawa, wala kwa sababu gani.

Baada ya miaka minne nilinunua fulana katika rundo la mitumba sokoni Moshi. Ilikuwa ya kitambaa chepesi kinachong'aa, yenye zipu fupi kifuani na mifuko mitatu mgongoni. Mbele yake palikuwa na picha ya mtu mwenye kofia pana, amesimama pamoja na baghala wake, na milima nyuma yao. Tena palikuwa na maneno Café de Colombia. Mama alidhani kwamba fundi alikosea, kwani nani huweka mifuko mahali ambapo macho hayafiki? Baba hakuijali mifuko. Aliitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Huyu ni mkulima wa kahawa." Nilimwuliza amejuaje, naye hakuweza kuyasoma maneno yale. Alisema, "Tazama anavyosimama. Anangoja bei."

Niliivaa fulana ile shambani na darasani bila ya kujua asili yake. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, siku moja katika maktaba, nilifunua gazeti la zamani nikaona picha ya vijana wembamba juu ya baisikeli, wamevaa fulana kama yangu, na mifuko yao ya mgongoni imejaa chakula cha safari. Fundi hakukosea. Zaidi ya hayo, vijana wale walikuwa wakipanda mlima, nao walikuwa juu ya viti vyao. Tangu siku ile nilianza kuzifuata habari zao, na kwa muhtasari ni hizi.

Kolombia ni nchi ya milima. Andes inapoingia nchi hiyo kutoka kusini hugawanyika safu tatu, na mji mkuu, Bogotá, umekaa kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezaliwa huko huvuta hewa nyepesi tangu siku yake ya kwanza, na damu yake huzoea kufanya kazi kubwa kwa hewa kidogo. Ilipotolewa rai ya kufanya mashindano ya baisikeli ya kuizunguka nchi, wengi waliiona kuwa ni wazimu, kwa kuwa barabara nyingi zilikuwa za udongo na mawe. Mwaka 1950 kijana mmoja wa Zipaquirá, mji wa machimbo ya chumvi, jina lake Efraín Forero, alijitolea kuijaribu njia. Alipanda mpaka kipito cha Letras, kilicho juu zaidi ya mita 3,600, akateremkia mji wa Manizales. Mwaka 1951 mashindano ya kwanza yalifanyika, na mshindi alikuwa yeye yule aliyeijaribu njia.

Baada yake alikuja Ramón Hoyos, aliyeshinda mara 5 katika miaka ya 1950. Wapanda milima wa nchi ile walipewa jina la dundu, yule mdudu mwenye mgongo mgumu, kwa jinsi walivyojikunyata juu ya baisikeli na kukwea bila ya kukoma. Mwaka 1971 Martín Rodríguez, maarufu kwa jina la Cochise, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa katika mbio za kufukuzana uwanjani. Mwaka 1980 Alfonso Flórez alishinda Tour de l'Avenir, mashindano ya Ufaransa ambayo hutabiri mabingwa wa kesho. Kisha mwaka 1983 wakuu wa Mzunguko wa Ufaransa, mashindano makubwa kuliko yote ya mchezo huu, waliwafungulia mlango watu wa ridhaa, na timu ya Kolombia ikaingia. Katika nchi tambarare, penye upepo na barabara za mawe, Wakolombia waliachwa nyuma. Lakini njia ilipoinuka, nao waliinuka.

Mwaka uliofuata, 1984, siku ya kupanda Alpe d'Huez, mlima wenye kona 21, kijana mmoja wa Fusagasugá aliwaacha nyuma Laurent Fignon na Bernard Hinault, mabingwa wa Ufaransa, akafika kileleni peke yake. Jina lake lilikuwa Luis Herrera, nao wananchi walimwita Lucho. Alikuwa amepata kutunza bustani za maua, na kwa hiyo lakabu yake ilikuwa Mtunza Bustani Mdogo. Hakuwa hata mchezaji wa kulipwa.

Hapa ndipo habari ya baisikeli inapokutana na habari ya kahawa. Mwaka 1985 iliingia Ufaransa timu ya kulipwa iliyoitwa Café de Colombia, yaani Kahawa ya Kolombia. Mlezi wake alikuwa Shirikisho la wakulima wa kahawa, lililoundwa mwaka 1927. Msomaji asidhani kwamba tajiri mmoja aliamka akafungua mkoba wake. Shirikisho lile lilikuwa na hazina iliyojazwa kwa kodi ya kahawa iliyouzwa nchi za nje. Kwa maneno mengine, fulana ile ilishonwa kwa fedha ya watu wengi wenye mashamba madogo kama la baba yangu. Nia yao ilikuwa ya biashara. Watu wa Ulaya hunywa kahawa kila asubuhi bila ya kuuliza imetoka wapi. Wakulima walitaka jina la nchi yao lipite mbele ya macho ya watu hao likipanda mlima.

Nalo lilipita. Mwaka ule wa 1985 Herrera alishinda siku mbili za mashindano na kuvaa fulana ya mfalme wa milima. Katika moja ya siku hizo alianguka katika mteremko, akainuka, akafika Saint-Étienne wa kwanza, damu inamtiririka usoni. Mwenziwe Fabio Parra alishinda siku nyingine. Mchana wa Ufaransa ni asubuhi ya Kolombia, na redio zilipeleka habari za kila kilima mpaka mashambani. Mwaka 1987 Herrera alishinda Mzunguko wa Uhispania, akawa mtu wa kwanza wa Amerika ya Kusini kushinda moja ya mizunguko mitatu mikubwa ya Ulaya. Ni kweli kwamba Sean Kelly wa Ayalandi, aliyekuwa akiongoza, alijitoa kwa ugonjwa wa jipu zikiwa zimebaki siku chache. Lakini mashindano marefu hupima mwili mzima, na mwenye kufika ndiye mshindi. Mwaka 1988 Parra alikuwa wa tatu katika Mzunguko wa Ufaransa. Mtu angedhani kwamba mlima umekwisha na kilichobaki ni kilele.

Waswahili husema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Tangu mwaka 1962 palikuwa na mapatano ya mataifa juu ya kahawa, ambayo katika miaka mingi yaliigawia kila nchi kiasi chake cha kuuza ili bei isiporomoke. Mwezi wa Julai 1989 nchi za wauzaji na nchi za wanunuzi zilishindwa kuafikiana, na mgao ukasimamishwa. Kahawa ilimwagika sokoni, na katika miezi michache bei ilianguka kwa karibu nusu. Katika hesabu za biashara ya kahawa ya dunia, kahawa ya Kolombia, ya Kenya na ya Tanzania huwekwa katika fungu moja, na fungu hilo huitwa kwa jina la Kolombia. Kwa hiyo baba yangu na yule mtu wa pichani walikuwa ndugu wa daftari moja, ingawa hakuna aliyemjua mwenziwe. Pigo lililoiondoa baisikeli katika ua wetu ndilo lililoikausha hazina ya timu ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 fulana ya Café de Colombia ilitoweka katika barabara za Ulaya. Moja ya fulana zake, kwa njia nisiyoijua, ilifika sokoni Moshi.

Nisingekuwa mwaminifu kama ningesema kwamba bei ya kahawa peke yake ndiyo iliyowaangusha. Miaka hiyo hiyo iliingia katika mchezo dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu. Na kile ambacho mlima ulimpa mtu bure tangu kuzaliwa, mtu wa tambarare aliweza sasa kukinunua kwa sindano. Na ndani ya Kolombia kwenyewe bunduki zilikuwa zikisema. Alfonso Flórez aliuawa Medellín mwaka 1992. Herrera, ambaye aliacha mashindano mwaka huo, alitekwa na waasi mwaka 2000, akaachiliwa baada ya siku moja. Timu huomba bei nzuri, huomba haki katika mashindano, na huomba amani. Wakolombia walikosa zote tatu kwa wakati mmoja.

Lakini watoto wa milimani hawakuacha kupanda. Waliajiriwa mmoja mmoja na timu za wageni. Santiago Botero alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kushindana na saa mwaka 2002, na Mauricio Soler alikuwa mfalme wa milima wa Ufaransa mwaka 2007, wote wawili wakiwa wameajiriwa na timu za watu wengine. Kisha mwaka 2006 ilizaliwa timu ndogo nyumbani, Colombia es Pasión, ambayo iliwakusanya vijana, ikapima damu yao kwa uangalifu ili ijulikane kuwa ni safi, na kuwafunza kwa subira. Miongoni mwao alikuwa Nairo Quintana, mtoto wa wakulima wa Cómbita, aliyezoea kwenda shule na kurudi kwa baisikeli, mwendo wa kiasi cha kilomita 16 kila upande. Mwaka 2010 alishinda Tour de l'Avenir, miaka 30 kamili baada ya Flórez. Mwaka 2013 alikuwa wa pili katika Mzunguko wa Ufaransa, mwaka 2014 alishinda wa Italia, na mwaka 2016 wa Uhispania. Baada ya dhiki, faraja.

Walakini faraja hiyo haikuwa nyoofu. Quintana alishinda mizunguko yake katika fulana ya Uhispania. Timu iliyolelewa na serikali ya Kolombia, iliyopelekwa Ulaya mwaka 2012, ilivunjika mwishoni mwa mwaka 2015 kwa kukosa fedha. Timu nyingine ya nyumbani, Manzana Postobón, ilifungwa mwezi wa Mei 2019 baada ya baadhi ya wachezaji wake kuonekana na dawa zilizokatazwa. Hata miezi mitatu haikutimia, mwezi wa Julai mwaka huo huo, Egan Bernal, kijana wa miaka 22, alishinda Mzunguko wa Ufaransa, wa kwanza kutoka Amerika ya Kusini tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1903. Alikuwa amepitia timu ya Italia, na siku ile alivaa fulana ya timu ya Uingereza. Alilelewa Zipaquirá, mji ule ule wa chumvi alikotoka Efraín Forero. Mzee Forero alikuwa hai kushuhudia. Alifariki mwaka 2022.

Niliitazama siku hiyo ya mwisho katika televisheni, pamoja na mwalimu mwenzangu. Aliniambia kwamba huo haukuwa ufufuo. "Timu imekufa," alisema, "na mtoto anacheza katika nyumba ya jirani. Wakulima walitoa fedha yao, na leo jina lililo kifuani si lao." Neno lake liliniuma, kwa sababu halikuwahusu Wakolombia peke yao. Mimi pia nilisomeshwa kwa bei ya baisikeli, na leo nafundisha mjini, ninavaa fulana ya watu wengine, na kihamba cha baba kina upungufu wa mikono. Kama Bernal si ufufuo wa timu ya wakulima, basi na mimi si malipo ya baisikeli ile.

Nililichukua swali hilo mpaka nyumbani wakati wa likizo. Baba alikuwa amepita miaka 80, na bado alikuwa akipogoa mibuni yake. Nilimsimulia habari yote, tangu Letras mpaka Paris, nikamwonyesha ile fulana, ambayo mama aliitunza sandukuni. Nilimwuliza kama, kwa rai yake, fedha ya wakulima wale ilipotea. Alifikiri, kisha akasema, "Aliyempa mtoto njia hawezi kumwambia mtoto aipitie wapi. Fedha haikupotea. Ilikwenda mbali tu." Halafu aliigusa picha kwa kidole. "Na huyu mwenye baghala, naye amepata bei?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, lakini si kwa hilo. Ilinibidi nimwambie kweli. Mwaka ule ule wa 2019, wakulima wa kahawa wa Kolombia na wa Kilimanjaro waliona bei ya soko la New York ikishuka chini ya dola moja kwa ratili, bei ambayo wengi wao hawakuweza kuirudishia gharama zao. Baba alitikisa kichwa bila ya kushangaa.

"Basi mmoja amefika kileleni," alisema, "na mwingine bado anasukuma."

Tangu hapo sijapata hukumu iliyo bora kuliko hiyo. Timu ya kahawa ilipanda kwa sababu wakulima waliikubali gharama yake. Ilianguka kwa sababu bei yao haikuwa mikononi mwao. Na kilichofufuka si timu, bali ni ile nguvu ya watu wa milimani, ambayo kwa kweli haikufa. Mwenzangu alikuwa na haki ya kudai nguo, kwani mwili usio na nguo huteseka kwa baridi, na bila ya timu ndogo ya mwaka 2006 huenda Quintana angaliuza mboga pamoja na wazazi wake, asijulikane. Baba alikuwa na haki ya kutosikitikia nguo, kwani aliiuza yake kwa hiari. Lakini wote wawili waliniachia deni moja. Mtu aliyepandishwa mlima na wengine hana budi kugeuka kileleni na kuuliza habari za wale waliobaki njiani.

Siku ya kuondoka nilikwenda shambani alfajiri, nikashika makasi ya kupogolea, nikafanya kazi mpaka mikono ikapata malengelenge. Baba alinifuata nyuma, akarekebisha matawi niliyoyakata vibaya. Hakunisifu. Kazi ilipokwisha aliniuliza nitarudi lini, nami kwa mara ya kwanza nilimtajia siku, nikairudi siku ile ile niliyoitaja.